Karanga Nilizoziruka

Naanza na mimi mwenyewe kabla hamjaanza kumsema wifi yangu. Mtoto aliyevimba midomo shuleni kwetu hakulishwa karanga kwa uzembe wa mpishi. Alilishwa kwa ujuaji wangu mimi, mmenya viazi mwenye mdomo usio na kufuli. Mpishi alipika alichoambiwa kinafaa. Sasa nyamazeni niwaeleze alikuwa mtu wa namna gani, maana tangu yale yatokee kila mtu ana lake la kusema, na hao wasemao hakuna hata mmoja aliyewahi kunyanyua sufuria zake.

Wifi ni mke wa marehemu kaka yangu. Kaka alipofariki, watu walidhani tutagawana vyombo na kila mtu ashike njia yake. Wapi! Yeye alibaki chumba chake, mimi changu, mlango kwa mlango, bomba moja la maji, kamba moja ya kuanikia. Binti yake aliolewa mbali. Mimi sikujaliwa mtoto. Basi tukabaki wawili, tukigombana asubuhi juu ya nani kaacha bomba linavuja, na mchana tuko pamoja jikoni tunamenya. Ndiye aliyenitafutia ile kazi. Alimwambia mwalimu mkuu, "Mchukueni wifi yangu, ana kelele lakini mikono yake ni misafi." Mimi nikiwa nimesimama pale pale!

Shule yenyewe ni ya bweni, ya watoto wadogo, mia mbili na kitu. Jiko lina mafiga matatu makubwa yaliyojengwa kwa matofali, na juu yake sufuria tatu ambazo mtoto wa miaka sita anaweza kuoga ndani. Kuni zikiwa mbichi, moshi hautoki dirishani, unatoka machoni mwako. Miaka thelathini na moja wifi alisimama mbele ya mafiga yale. Miguu ilimvimba hadi akawa anavaa kandambili za mwanamume. Mkono wa kulia ulikuwa na makovu ya mvuke toka kiganjani mpaka karibu na kiwiko. Macho yalikuwa yameanza kumwacha, kwanza jioni, halafu hata mchana. Ukimwambia aende hospitali apimwe miwani, anakujibu, "Nikienda mimi, uji utajikoroga?"

Alikuwa amechoka, tena amechoka kweli, siyo ule uchovu wa kulala siku moja ukaisha. Akikaa chini kwenye kigoda chake alikuwa anasema "haya" peke yake, na akisimama anasema "haya" tena, na kati ya haya hizo mbili hasemi kitu. Siku nyingine nilimkuta ameshika mwiko, anaangalia maji yanavyochemka, amesahau alitaka kutia nini. Nikimgusa bega anashtuka, ananitukana kidogo, tunaendelea.

Kitu kimoja tu alikuwa nacho cha kujivunia. "Miaka thelathini na moja," alikuwa anasema, "sijawahi kumharibia mtoto wa mtu tumbo." Alisema hivyo akikagua samaki, akimwaga maziwa aliyoyatilia shaka, akimrudisha mwenye nyama mpaka getini na nyama yake. Alikuwa amebakiza mihula miwili astaafu. Walimu walikuwa wanapanga sherehe, keki, hotuba. Aliwakatalia. Mimi nilimuuliza, basi unataka nini, wewe mtu gani usiyetaka hata keki? Akanijibu, "Nataka siku ile nikitoka mlangoni, kusiwe na mtoto hata mmoja aliyelala zahanati kwa chakula changu. Hilo tu. Halafu nikalale." Nilimcheka. Nilimwambia hilo mbona dogo.

Muhula huo ndipo akaletwa Kidoti. Jina hilo tulimpa sisi jikoni, kwa ajili ya kidoti cheusi alichokuwa nacho pembeni ya pua. Alikuwa na miaka minane, mwembamba, msikivu mno kwa umri wake. Mama yake alimleta mpaka jikoni, akamshika wifi mikono yote miwili na kumwambia kwamba mwanawe hawezi kula chakula chochote cha jamii ya kunde. Akila, anavimba, anakosa pumzi. Aliwahi kupoteza fahamu kwa vijiko viwili vya supu ya dengu. "Mama, nakuachia roho yangu," alisema. Wifi akamwambia, "Nenda, mwanangu. Huyu ni wetu."

Nesi wa shule aliandika orodha kwenye karatasi kufuatana na barua ya daktari. Mwandiko wake ulikuwa mdogo, umebanana. Wifi aliisogeza karibu, akaisogeza mbali, akaisogelea dirishani, akanipa. "Nikopie kwa herufi kubwa nione. Tundika pale juu ya meza yangu."

Basi hapo ndipo nilipofanya ufundi wangu. Nikachana upande mmoja wa boksi la sabuni, nikachukua kalamu nene, nikakaa kwenye benchi. Maharage, nikaandika. Kunde, choroko, dengu, mbaazi, njegere, soya, nikaandika zote, herufi kubwa, zimenyooka. Halafu nikakutana na maharage mabichi, yale marefu ya kijani tunayokatakata na karoti. Nikasema, aah, hiyo si mboga hiyo? Inaletwa kwenye kreti moja na kabichi. Nikairuka. Nikakutana na ukwaju. Ukwaju! Nilicheka mpaka wifi akauliza kuna nini. Nikamwambia nesi wetu amechoka, apewe likizo. Halafu mwisho wa karatasi, karanga.

Niwaambieni ukweli nilivyowaza. Stoo yetu ina rafu mbili. Rafu ya chini kushoto ni magunia ya maharage na ndugu zake. Rafu ya juu, karibu na dirisha, ni madebe: ufuta, korosho, nazi kavu, karanga. Nimefagia stoo ile miaka kumi na miwili, najua kila kitu kinakokaa. Karanga inakaangwa, inatafunwa na chai, inakaa na korosho. Maharage yanachemshwa saa tatu, yanakaa chini. Nikaona kabisa kwamba nesi, msomi wa watu, amechanganya mambo, na kwamba jikoni ni kwetu, sisi ndio tunajua. Sikuwa naficha. Nilikuwa namsahihisha! Karatasi yake nikaiwashia moto kesho yake asubuhi, na boksi nikalitundika kwenye msumari, nikarudi nyuma hatua mbili kuangalia kazi ya mikono yangu ilivyopendeza.

Tangu siku ile wifi akawa na kisufuria kidogo cha Kidoti, pembeni, kwenye jiko la mkaa. Kisufuria chake, mwiko wake, sahani yake ya bluu. Kabla ya kukigusa ananawa mikono na sabuni hadi kwenye viwiko. Siku za maharage, ambazo ndizo nyingi, Kidoti alipikiwa yai au kipande cha samaki, wali na mboga za majani. Kazi ya mtu aliyechoka ikaongezeka. Mimi niliguna. "Wifi, mtoto mmoja akutese hivi? Si wamrudishe kwao?" Akanikata jicho. "Wewe ulizaliwa wangapi tumboni? Si mmoja?"

Mtoto alikuwa anakula jikoni kwetu, kwenye benchi karibu na mlango, maana kule bwaloni watoto wanarushiana mchuzi. Alikuwa anakula polepole, akisikiliza kelele za wenzake upande wa pili wa ukuta. Wali na yai, wali na yai. Mwezi wa pili akaanza kuacha nusu ya sahani. Mashavu yakaingia ndani. Wifi akawa anasimama mbele yake, mikono kiunoni. "Kula, usiniangalie mimi, mimi siliwi." Mtoto anacheka, anakula vijiko vitatu, anaacha. Wifi akawa analala na hilo. Tunarudi nyumbani jioni ananiambia bombani, "Wenzake wanapata nguvu kwenye maharage, huyu atapata wapi? Nikimrudisha kwa mama yake amekonda, nitasema nini?"

Muhula uliofuata, wakati wa mavuno, mzazi mmoja akaleta gunia la karanga. Zilikuwa nene, zimejaa. Wifi akazichota kiganjani, akazinusa, na nikaona uso wake umefunguka kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi. Akageuka kuangalia boksi langu pale juu ya meza, akakunja macho, akalisoma toka juu mpaka chini kwa kidole. Halafu, kwa kuwa alikuwa mtu wa uangalifu, akaniuliza mimi.

"Wifi, karanga hazimo kwenye karatasi ya nesi?"

Nilikuwa namenya kitunguu. Sikuinua hata kichwa. "Karanga na kunde wapi na wapi, wifi! Mtwangie mtoto apate mafuta mwilini."

Nilisema hivyo, kwa sauti hii hii. Ningeweza kusema, "Ziliandikwa, ila mimi niliziondoa." Maneno yale yalikuwa mdomoni, yalikuwa mepesi tu, hayana hata uzito wa kitunguu nilichoshika. Lakini nilikuwa na uhakika, na mtu mwenye uhakika haulizwi mara mbili.

Akatwanga. Akatia kwenye mchicha wa Kidoti. Siku ya kwanza mtoto alikwangua sahani. Siku ya pili akaomba nyongeza, wifi akageuka upande wa ukuta nisimwone anavyofurahi. Siku ya tatu nilimwona mtoto anajikuna midomo, anasugua ulimi kwenye meno. Nikamuuliza una nini, akasema hana kitu. Baadaye, alipopona, alimwambia nesi kwamba mdomo ulikuwa unamwasha tangu siku ya kwanza, ila aliogopa kusema. Alijua tukisikia tutamrudisha kwenye wali na yai. Watoto jamani.

Siku ya nne, mchana, wifi alikuwa ameinamia sufuria ya katikati, na mimi napanga sahani. Nikasikia kikohozi, kikavu, kifupi. Nikageuka. Kidoti alikuwa amesimama, ameshika shingo, midomo imevimba, macho yamefumba kwa uvimbe. Alitaka kuita, sauti ikatoka nyembamba sana. Mimi niliganda. Nawaambia ukweli, miguu yangu mizima haikunyanyuka. Wifi, mwenye miguu ile mnayoijua, alitupa mwiko chini, akamnyakua mtoto, akamweka begani na kukimbia. Alikimbia uwanja mzima mpaka zahanati, mtu ambaye kutoka jikoni kwenda bombani alikuwa anapumzika njiani. Kandambili moja ilimvuka. Mimi ndiye niliyeiokota nikimfuata nyuma.

Nesi alimchoma sindano papo hapo, gari la shule likawashwa, mtoto akapelekwa hospitali akiwa na mpira wa hewa usoni. Wifi alibaki amekaa kwenye kizingiti cha zahanati, mguu mmoja peku, kifua kinapanda na kushuka. Nesi akamjia kabla ya kupanda gari.

"Mama, amekula nini?"

"Wali. Yai. Mchicha wa karanga."

"Karanga?" Nesi aliitamka kwa sauti ya chini. "Karanga si ni jamii ya kunde, mama? Si niliwaandikia?"

Wifi aligeuka. Akaniangalia. Mimi nilikuwa nimesimama pale na kandambili yake mkononi. Huo ndio ulikuwa wakati wangu wa kusema. Niliiweka kandambili chini, karibu na mguu wake, nikarudi jikoni nikikimbia, nikalivuta lile boksi msumarini na kulitia kwenye moto wa figa la kushoto. Karatasi ya nesi ilishaungua zamani. Sasa na boksi likaungua. Nilikaa nikaliangalia mpaka likaisha.

Mtoto alipona, tushukuru. Alikaa hospitali siku nane. Siku ya tatu tuliitwa ofisini kwa mwalimu mkuu: wifi, mimi, nesi, na mama yake Kidoti. Yule mama alikuwa amevaa nguo zile zile za siku ya kwanza, macho mekundu. Alimwendea wifi moja kwa moja.

"Nilikuachia roho yangu," alisema. "Nilikushika mikono. Ulitaka kuniulia mwanangu?"

Yule mama akasema mengi, mengine siwezi kuyarudia. Alimwita kibibi kipofu. Alimwambia watu wa aina yake hawapaswi hata kupikia mbwa. Mwalimu mkuu alijaribu kumtuliza, hakutulia, na mimi simlaumu. Wifi alisimama tu, ameinamisha kichwa, mikono ameikunja juu ya tumbo. Mwalimu mkuu akauliza, orodha ya nesi ilikuwa wapi? Hakuna aliyeiona. Nesi akaapa kwamba aliandika karanga. Mwalimu mkuu akamgeukia wifi.

"Mama, uliisoma orodha?"

Wifi aliinua kichwa, akaniangalia mimi, akaniangalia vizuri, wala hakuwa na hasira. Mimi niliangalia kalenda iliyokuwa ukutani. Halafu akasema, "Sufuria ni yangu. Mimi ndiye niliyepika."

Wakamwambia apumzike nyumbani mpaka siku zake za kazi ziishe. Walitumia neno hilo, apumzike. Hakukuwa na keki wala hotuba, na mtoto alikuwa amelala hospitali. Alitoka kwa mlango wa nyuma, akafunga kanga kiunoni, akatembea hadi nyumbani peke yake kwa sababu mimi nilibaki kumalizia chakula cha jioni. Kuna mtu alipaswa kupika. Hicho ndicho kisingizio nilichojipa.

Baada ya hapo wifi alibadilika. Mtu aliyepikia mia mbili akawa hawezi kujipikia mwenyewe. Anachambua mchele kwenye ungo, anauchambua tena, mara tatu, mara nne, halafu anauweka pembeni hapiki. Anakula mkate mkavu. Ukimletea sahani anaichungulia, anauliza, "Umetia nini?" Unamtajia kimoja kimoja, chumvi, mafuta, nyanya, na bado anagusa kidogo tu anaacha. Mchana kutwa anakaa kwenye kiti mlangoni. Nilidhani sasa atalala usingizi wa miaka thelathini na moja. Hakulala. Namsikia kupitia ukuta alfajiri, saa ile ile ya kwenda kuwasha kuni, ameamka, anatembea chumbani.

Mimi kila siku nikitoka kazini nampitishia chai. Naipika mwenyewe, tangawizi nyingi, namwekea kwenye stuli. Nakaa dakika tano. Najiambia, leo nitasema. Halafu naanza kuhadithia habari za mpishi mpya, anavyounguza uji, anavyoongea na simu, na dakika tano zinaisha. Wiki ya kwanza, ya pili, ya tano. Nilikuwa mwoga, hakuna neno jingine. Mimi ninayejibizana na wenye bucha sokoni, ninayemgombeza mpaka mlinzi!

Wiki ya saba nesi akaja jikoni kutufundisha. Aliitwa na mwalimu mkuu atufundishe sote, mpishi mpya na sisi wamenyaji. Alikuja na mmea ameung'oa kwenye bustani ya shule, na mizizi yake na udongo wake, akautandaza juu ya meza. Ulikuwa mkaranga. Akatuonyesha majani, manne manne. Akatuonyesha ua dogo la njano, akaliweka karibu na ua la kunde alilolichuma njiani, yakawa ndugu kabisa. Akatuonyesha jinsi ua likishadondoka kikonyo kinavyoinama na kujichimbia udongoni kuzaa humo humo. Akapasua ganda: mbegu mbili ndani ya ganda moja, kama njegere, kama maharage. Kwenye mizizi kulikuwa na vinundu vidogo vidogo, akasema jamii yote ya kunde inavyo. Na korosho je? Nikauliza mimi. Akasema korosho ni mambo mengine, ni ukoo wa embe huko, ila ukwaju na maharage mabichi ni jamii ya kunde kabisa.

Jamani. Mimi nimelima karanga. Nimekua na jembe la karanga mkononi, nimepalilia yale majani manne manne toka nikiwa na miaka saba, nimeng'oa mashina kwa mikono hii na kukung'uta udongo kwenye vile vinundu. Ganda nimelipasua mara ngapi sijui. Nilikuwa na kila kitu mbele ya macho, macho mazima yanayoona sindano kwenye mkeka, na sikuona. Halafu nikamwachia mwenye macho mabovu abebe aibu ya kutokuona.

Sikumaliza somo. Nilitoka na aproni yangu, nikaenda ofisini na kumwambia mwalimu mkuu yote. Orodha, boksi, moto, swali aliloniuliza nikiwa na kitunguu mkononi. Mwalimu mkuu alivua miwani, akasugua macho. Aliniuliza swali moja tu. "Na ulikuwa wapi siku zote hizi?" Akaniambia kuanzia siku ile nioshe sufuria tu, nisiguse chakula. Halafu akaandika barua kwa wifi, ya kumwomba radhi kwa niaba ya shule, na kumwomba arudi amalizie wiki nne zilizobaki, aagwe kwa heshima yake. Barua akanipa mimi niipeleke. Nafikiri alifanya makusudi.

Nilimkuta wifi mlangoni, ungo mapajani. Jua lilikuwa bado kali. Nikakaa kwenye ngazi, chini yake, nikamsomea barua yote mpaka sahihi. Alisikiliza akiendelea kuchambua.

"Weka hapo," alisema.

"Wifi, kuna jambo."

"Sema."

Nikasema. Nilisema nikilia, kamasi zinanitoka, kwa mpangilio mbovu, nikianzia kwenye moto, nikarudi kwenye boksi, nikaruka kwenye ukwaju. Yeye hakushtuka. Alitoa punje moja ya mchanga kwenye mchele, akaitupa.

"Nilijua," akasema.

"Ulijua nini?"

"Siku ile ile. Nilirudi jikoni kuangalia, nikakuta msumari mtupu. Nani mwingine angeliondoa?" Akaweka ungo chini. Akanyoosha mguu mmoja, kwa mikono, kisha mwingine. "Nikasema atasema mwenyewe. Pale kwa mwalimu mkuu nilikungoja. Yule mama ananitukana, mimi nakungoja wewe. Nikaja hapa. Kila ukiingia na chai nasema, leo atasema. Unanihadithia uji wa mtu mwingine."

"Nisamehe, wifi. Nisamehe, mke wa kaka yangu. Nilikuwa mjinga kwenye orodha, na baada ya hapo nikawa mbaya."

"La orodha nilishakusamehe zamani. Nani hajui unavyojifanya unajua? Nilikuuliza wewe na macho yako, wakati ningeweza kwenda kwa nesi kwa miguu yangu. Hilo ni langu." Akasugua magoti. "Hili la pili ungelisema wiki ile, ningekugombeza usiku kucha na asubuhi tungekwenda kazini. Sasa nimechoka. Hata kusamehe kunataka nguvu, na mimi sina."

Nilitaka kumshika miguu. Aliirudisha chini ya kiti taratibu, kama vile hakuona nilichotaka kufanya. Nikamuuliza, atarudi kazini hizo wiki nne? Akatikisa kichwa. Alisema hawezi tena kumpikia mtoto wa mtu. Tukakaa. Jirani alipita na ndoo, akatusalimia, tukaitikia wote wawili.

Nilipoinuka kuondoka aliniita.

"Kidoti anapikiwa nini siku hizi?"

Nilifurahi mpaka nikajikwaa kwenye ngazi. Aliniuliza kitu! Nikamwambia viazi, mayai, samaki, na anakula vizuri, amenenepa kidogo.

"Samaki wamtoe miba kabla ya kumpa," alisema. "Yule mtoto hasemi kitu kikimkwama. Atameza tu."

"Nitamwambia mpishi kesho asubuhi, wifi. Kitu cha kwanza kabisa."

Aliinua macho yake yale mabovu, akanitafuta usoni mpaka akanipata.

"Usimwambie wewe," alisema. "Mwite nesi aje hapa, nimwambie mwenyewe."